Taa Isiyowaka

Shemeji yangu Gakiza aliniambia kwa mara ya tatu kwamba taa imezimika. Kwa mara ya tatu nikamjibu kwamba haikuwaka hata kidogo. Mkononi alishika waya mnene mwekundu wa inverta, mashine inayogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani, na ncha ya waya huo ilikuwa vidole viwili tu kutoka kwenye betri.

"Mama Nella, kule Area 47 ulikwenda we ao nilikwenda mi? Fundi njo alisema: taa ikizima, funga waya."

Fundi huyo wa mjini, aliyeitengeneza inverta, alisema kweli. Ndani ya inverta mna kapasita, vikopo vinavyotunza umeme, na baada ya matengenezo vilikuwa vitupu. Ukiviunga moja kwa moja na betri nne, vinaumeza umeme wote kwa mkupuo mmoja, na cheche yake huyeyusha chuma. Ndiyo maana umeme unapitishwa kwanza kwenye taa, uingie polepole. Lakini fundi alimaanisha taa ya zamani, yenye uzi unaopata moto, inayowaka na kuzima vikopo vikishajaa. Shemeji yangu aliazima ya LED kwa jirani, kwa sababu kambi nzima ya Dzaleka siku hizi hakuna nyingine. Haikuwaka, naye akaona kazi imekwisha.

Nikaweka mita ya volti kwenye inverta. Volti mbili. Akasema mita yangu iko inadanganya. Nikaihamishia kwenye betri: hamsini na moja. Aliitazama, lakini waya haukurudi nyuma.

Niliogopa. Paneli za jua zilikuwa zimechaji betri hizo siku mbili mfululizo katika chumba kile kidogo, dirisha limefungwa kwa ajili ya wezi. Harufu ya asidi ilinichoma puani. Gesi ya betri haihitaji moto mkubwa; cheche moja inatosha. Diploma yangu ni ya umeme, na niliwahi kuona uso wa mtu aliyekuwa na haraka.

Fidès, mwenye mashine ya kutotolea vifaranga, alisimama mlangoni. Umeme wa kambi ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na mashine yake ilitegemea inverta hii. Mayai yake mia mbili na arobaini, ya siku ya kumi na nane, yaliyobakiza siku tatu kuanguliwa, alikuwa ameyafunika kwa vitenge vyote alivyokuwa navyo.

"Yanapoa," alisema. "Nimeyagusa sasa hivi."

"Umesikia?" Gakiza akaniuliza. "Ao diploma yako njo itayalalia?"

Mkono wake ukasogea. Nikamshika kifundo cha mkono, na nikahisi vidole vyangu vinatetemeka juu ya ngozi yake.

"Shemeji, macho hayana spea."

Labda ni ule mtetemeko aliousikia, maana hajawahi kuniona nikitetemeka. Akaachia waya. Niliufunga ncha kwa kitambaa, nikafungua dirisha na mlango, nikawatoa wote wawili. Tulisubiri nje hewa ibadilike. Fidès alilia bila sauti.

Nikitafuta kichwani kitu chenye uzi wa kupata moto, nikakumbuka birika langu la umeme. Nilikwenda kulichukua, nikakata plagi kwa kisu, nikamenya nyaya. Swichi yake ikiwa imezimwa, nilifunga waya mmoja kwenye betri na wa pili kwenye inverta, kisha nikalivuta birika hadi mlangoni, mbali na betri, mita nikiwa nimeiacha kwenye inverta, mahali ninapoweza kuisoma. Nikabonyeza swichi.

Kumi na tisa. Thelathini na nne. Arobaini na sita. Nilihesabu pumzi zangu. Hamsini, kisha namba ikasimama: vikopo vimejaa.

Gakiza alinyoosha mkono kunizuia, akitaka aingie yeye. Nikamwambia abaki hapo hapo na Fidès. Kama nimekosea hesabu, ni bora cheche inikute mimi.

Niliingia peke yangu, nikafungua kitambaa, nikageuza uso pembeni na kuubana waya mwekundu kwenye betri. Hakuna cheche iliyoruka.