Hata Nyumba Ikiungua

Mdomo wangu hauna breki, na hilo hapa kwetu Dunda kila mtu analijua. Kaka yangu Mtoro alipofariki, mwezi wa pili mwanzoni, nilijipa kazi ya kumsimamia mjane wake, Swaumu, akae eda sawasawa. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa na uchungu, na uchungu wangu nikamtwisha yeye.

Siku ya tisa nilimkuta kwa jirani anaomba chumvi, mchana kweupe, watu wanaona. Nilimrudisha ndani kwa maneno ambayo leo sipendi kuyakumbuka.

"Miezi minne na siku kumi, Swaumu! Humu hutoki, hata nyumba ikiungua."

Akainamisha kichwa. "Sawa, wifi." Tangu siku hiyo hakuonekana tena, hata barazani.

Nyumba yenyewe kaka aliijenga bondeni, mahali ambapo zamani tulilima mpunga. Tulimwambia maji yatakuja kudai kwao, akacheka. Mtoro alikuwa mtu wa kucheka, Mungu amrehemu.

Masika haya redio ikatangaza mvua kubwa ukanda wote wa pwani, walio mabondeni wahame. Nilisikia vizuri tu, nikiwa nakuna nazi. Nikasema nitampitia Swaumu Ijumaa. Jumatano asubuhi ikanyesha kwa saa tatu mfululizo, na kabla ya adhuhuri Mikdad, fundi baiskeli anayekaa jirani na Swaumu, akanijia ameloa mpaka kofia.

"Shikamoo, Bi Hajra. Bonde limejaa. Watu wote wametoka, wifi yako kagoma. Nimemwita dirishani mara mbili, ananiambia yumo edani."

Hata ile shikamoo sikuiitikia.

Tulipofika, njia ilikuwa imeshageuka mto. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yanasukuma ndoo, vifaranga, mlango wa mtu. Mikdad na wenzake walikuwa wamefunga kamba kutoka kwenye mnazi hadi nguzo ya baraza ya kaka. Nikajifunga kanga kiunoni nikaingia. Mimi ni mnene na kuogelea sijui. Maji yalinifika mapajani, kisha kiunoni, na kila hatua nilimwomba Mungu asinilipe kwa mdomo wangu.

Swaumu alikuwa amekaa juu ya meza, magoti kifuani, tasbihi mkononi. Udongo wa ukuta ulikuwa unamomonyoka, fito zimebaki wazi.

"Twende, wifi."

"Zimebaki siku hamsini na tatu," akasema.

"Nyumba inaanguka, Swaumu!"

Akanitazama bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Si ulisema hata ikiungua? Sitaki mje kusema sikumheshimu kaka yenu."

Nililia pale pale, ndani ya maji. Nikamwambia, "Dini haikusema hivyo. Penye hatari mtu hutoka. Nilijua, na sikukwambia. Yale yalikuwa maneno yangu mimi, Hajra, na hasira zangu. Nisamehe, wifi. Nishike mkono."

Alivaa tasbihi shingoni, akashuka mezani, akanishika. Mkono wake ulikuwa wa baridi na umekonda. Miezi miwili na nusu sikuwahi kuuliza kama anakula. Tulikuwa tumeufikia mnazi tuliposikia bati likipiga maji nyuma yetu. Watu walipiga kelele. Swaumu hakugeuka kutazama, nami sikugeuka.

Sasa anamalizia eda kwangu, chumbani kwangu, kitandani kwangu. Mimi nalala mkekani. Chumvi naleta mimi, na kila kitu naleta mimi. Ameniambia amenisamehe, tena si mara moja, na ninamwamini, maana Swaumu hana kinyongo.

Lakini choo changu kiko uani, hatua kumi tu kutoka mlangoni. Kila akitaka kwenda husimama kizingitini, ameshika kanga yake kidevuni, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Wifi, nitoke?"

"Toka, Swaumu," namwambia. "Toka, mama, usiniulize."

Na kesho yake ananiuliza tena.