Jedwali la Ukurasa wa Kumi na Tisa

Katika kampuni yetu ya ushauri hakuna ripoti inayoanza na karatasi tupu. Huchukuliwa ripoti ya mteja aliyepita, ikabadilishwa jina, takwimu na picha ya jalada. Kazi hiyo tunaiita kumvika maiti suti. Nililicheka neno hilo miaka miwili. Asubuhi ile, nikiwa nimeketi nje ya chumba cha bodi ya kiwanda cha sabuni, nilikoma kucheka.

Zilikuwa zimesalia dakika kumi tuitwe. Nilifungua ukurasa wa kumi na tisa, ule uliopendekeza kitengo cha ufungashaji kivunjwe na watu wake sitini na wawili waachishwe kazi. Ndani ya jedwali paliandikwa "zamu ya usiku". Kiwanda kile hakina zamu ya usiku. Jedwali zima lilikuwa la kiwanda cha rangi, mteja wetu wa mwaka uliotangulia, na aliyelisahau humo ni mimi.

Nilimwonyesha kiongozi wetu, tuliyembandika jina la Pasi kwa jinsi shati lake lisivyojua kukunjamana.

"Nani mwingine ameona?" alinong'ona.

"Mimi na wewe tu, kaka."

"Basi hakuna aliyeona. Wakubwa hawa husoma mwanzo na mwisho. Katikati ni pamba ya mto."

"Ni watu sitini na wawili, kaka."

"Na wewe wa sitini na tatu, ukifungua mdomo. Ukweli una wenyewe, mdogo wangu. Wewe una watoto."

Ninao wawili. Bwenini, nikiwa mwanafunzi, niliwahi kujitaja mbele ya gwaride kwa kioo nilichovunja. Nilichapwa, nikalala usingizi mnono. Nilidhani ujasiri ule ni mali yangu ya kudumu. Sasa niliifunga ripoti, nikaiweka magotini kifudifudi.

Tuliitwa. Pasi alizungumza kwa ulaini wa mafuta. Ukurasa wa kumi na tisa ulipita ukutani, kwenye mwanga wa projekta, kwa pumzi moja. Mwenyekiti, mama wa makamo aliyepandisha miwani kichwani, alifungua kalamu yake.

"Kama hakuna neno, naidhinisha."

Nilisimama kabla miguu haijakubali.

"Samahani, mama. Jedwali la ukurasa wa kumi na tisa si la kiwanda hiki. Kosa ni langu."

Pasi alinitazama kana kwamba nimeingia pale kuuza soksi.

Mama akafunga kalamu. "Basi ufungashaji hauguswi." Akashusha miwani. "Na kurasa nyingine arobaini, kijana? Unaweza kuziapia?"

Tuliziandika watu wanne, wote kwa desturi ileile.

"Hapana, mama."

"Vuta kiti. Tuanze wa kwanza."

Nilivuta kiti, nikafungua ukurasa wa kwanza. Pasi alikuwa tayari mlangoni, simu sikioni, na jina alilokuwa akilitaja lilikuwa langu.