Kola Yenye Mhuri

Aliyeikata barua ni mimi. Nalisema mapema, msije mkamtafuta mchawi bure.

Hakimu alikuwa amempa baba mdogo chumba ambacho dada yangu ameshonea nguo tangu wazazi wetu wafariki. Kesho yake dada alipeleka mahakamani barua ya kuomba nakala ya hukumu, akarudi na nakala ya barua hiyo imegongwa mhuri, akaitia kwenye droo ya cherehani. Toka siku hiyo akakataa vitambaa vya wateja wapya. "Nitawashonea wapi?" alikuwa akisema, nami moyo ukiniuma.

Nakala ya hukumu ilitoka siku ya thelathini na tisa tangu hukumu. Tulipopeleka rufaa, karani wa masjala, mama mmoja mwenye miwani puani, akahesabu kalenda kwa kalamu.

"Mmechelewa. Mwisho ni siku thelathini tangu hukumu. Leo ya arobaini na moja."

"Nakala mmetupa juzi!" nikafoka. "Tungepinga nini, hewa?"

"Punguza moto, mdogo wangu. Siku za kungojea nakala hazihesabiwi, mradi muonyeshe mliomba lini. Barua yenu siioni jaladani. Nakala yenye mhuri mnayo?"

Dada akanigeukia. Nilitamani ardhi inimeze. Wiki iliyotangulia nilihitaji karatasi ya kuchorea kola, nikaichukua ile ya drooni.

Tulirudi mbio. Kola ilikuwa msumarini pamoja na vielelezo vingine vya kukatia nguo, ina nusu ya mhuri. Nusu ya pili niliifukua kwenye gunia la vipande. Dada alizipanga nusu mbili, akazipitisha kwenye cherehani.

Karani aliupapasa mshono kwa kidole. "Barua imeshonwa?"

"Gundi sina, mama. Mimi fundi."

Alicheka mpaka miwani ikateleza, kisha akaisoma tarehe na kugonga mhuri kwenye rufaa yetu.

"Tumeshinda?" nikauliza.

"Bado. Jaji atapitia upya kesi yote, na mtasikilizwa. Jazeni na fomu hii, kuomba msitolewe chumbani kwa sasa."

Jioni mteja alichungulia mlangoni na kitambaa cha sare mkononi, akauliza kwa woga kama bado tupo. Dada alikipokea, akampima mabega, akafungua daftari na kuandika siku ya kuja kujaribu: mwezi ujao.