Safu ya Nafaka

Mama Mizani alipata jina hilo kwa sababu hakuwahi kumpunja mtu. Kwa miaka ishirini na mbili yeye na mumewe waliendesha duka la rejareja pale kona, mume kwenye kaunta, mke kwenye mizani. Kiwanja kilikuwa cha mke, urithi kutoka kwa baba yake.

Kisha sheria ikabadilishwa, wageni wakaruhusiwa kuja na maduka yao makubwa. Wenye maduka wa mtaa wakamchagua mume kuwa mwenyekiti wao. Alipita mlango kwa mlango akihimiza, "Asiuze mtu! Tukishikamana watajenga wapi, hewani?" Siku hizo hizo mkewe, aliyechoka kuwaona wateja wakipungua, alikwenda kwa wakili akatia saini hati ya kuwauzia wageni kiwanja. Alingoja siku nzuri ya kumwambia. Haikuja. Miezi mitatu baadaye mume alianguka akifungua milango ya duka, hakuinuka tena.

Duka likabomolewa, jengo la duka kubwa likasimama. Mama Mizani akaajiriwa humo kupanga safu ya nafaka. Binti yake akawa keshia. Safu ile ilipita palepale kaunta ya mumewe ilipokuwa. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, taa zote zinawaka na watu wanasukuma vitoroli, alisikia kikohozi. Kifupi, mara mbili, kama alivyokohoa marehemu kabla ya kumkaribisha mteja. Akageuka. Mifuko ya mchele tu.

Akajiambia ni uchovu. Kesho yake kikarudi. Na kesho kutwa.

Mwezi wake wa pili kazini akaja fundi cherehani, rafiki wa marehemu, mtu wa utani. "Shemeji, humu mtu aingie na ramani na chakula cha njiani!" Akacheka, halafu akakatiza. Uso ukamsawijika.

"Shemeji," akanong'ona, "huyu mtu mbona bado anakohoa?"

Akaacha kikapu chini, akatoka bila kuaga.

Jioni ile Mama Mizani alimkalisha binti yake jikoni, akaungama yote. Binti hakushtuka.

"Mama, baba alijua."

"Nani alimwambia?"

"Karatasi uliziweka chini ya godoro. Godoro lenyewe mlililalia wote wawili."

"Miezi mitatu tunakula sahani moja, asiseme neno?"

"Alikuwa anangoja useme wewe."

Binti akashusha boksi kutoka juu ya kabati. Ndani mlikuwa na viatu vyeusi vya soli laini. "Alinipa nikutunzie. Alisema wakijenga utaomba kazi kwao, utasimama kutwa, na miguu yako haiwezi. Nilishindwa kukupa."

Mama akavivaa. Vilimkaa sawasawa. Alikaa mezani navyo miguuni mpaka chakula kikapoa, akitamani laiti yule mtu angemfokea, hata mara moja.

Kesho yake alikwenda navyo kazini, na mpaka leo yuko pale, na kikohozi nacho. Binti hakuweza kumtazama katika viatu vile, akaomba ahamishiwe tawi jingine.