Haina Maziwa, Haina Mayai

Jana nililala nimenuna, na aliyelala amenuna haoti maua. Nikaota nimesimama peku mbele ya jokofu la duka moja pale Same mjini, kikapu mkononi, natafuta yogati isiyo na maziwa.

Hilo si jambo la kuota. Ndiyo kazi yangu ya kila wiki. Mimi Nakundwa ni Msabato, mke wa Mbonea, na tangu mwaka juzi nimeacha nyama, samaki, mayai na maziwa kwa ajili ya afya. Pia nina kisukari. Mama yangu naye alikuwa nacho. Walimkata kidole, kisha mguu chini ya goti, kisha juu ya goti, kisha tukamzika. Na juma lililopita muuguzi wa kliniki alinishika mguu wa kulia akaniambia, "Mama, sitakudanganya. Huu mguu ukipata kidonda kingine, tutaanza kukata." Kwa hiyo siku hizi nachagua yogati kama mtu anayemchagulia binti yake mchumba.

Jokofu linafunguka lenyewe. Kopo la yogati ya nazi linasogea mbele.

"Shikamoo, mama," linasema.

"Marahaba. Una maziwa?"

"Sina maziwa, sina mayai, sina asali, sina ubaya na mtu."

Lilikuwa na adabu, nikalipenda. Nyuma yake kulikuwa na kopo la soya, limevimba kwa hasira. Halikunisalimu.

"Na wewe je?" nikaliuliza.

"Mimi sina maziwa na sina sukari. Na ladha sina. Niko hapa siku ya kumi na tisa. Wenzako wananishika, wananigeuzageuza, wananirudisha."

Nikalishika, nikaligeuzageuza, nikalirudisha.

Muuguzi alinifundisha kusoma lebo kabla ya kununua. Nikainama nisome lebo ya lile la nazi, lakini yenyewe ikanivua miwani, ikaivaa, ikaanza kunisoma mimi.

"Nakundwa, mke wa Mbonea. Uzito, kilo themanini na moja. Viambato: ugali, maharage, mchicha, chapati za Jumapili, kiburi kwa mbali. Haina maziwa. Haina mayai. Sukari, kumi na nane kabla ya kunywa chai."

"Hiyo ilikuwa siku moja tu," nikasema.

"Ndivyo ilivyoandikwa, mama. Itumike kabla ya..." Ikaweka kidole juu ya tarehe.

"Nisomee."

"Wino umefutika."

Haukuwa umefutika. Niliuona unametameta pembeni mwa kile kidole. Lakini sikuuliza tena. Nikaliweka lile kopo kikapuni, nikageuka kutafuta mlango.

Mlango hakuna. Niko kanisani kwetu, Sabato mchana, saa ya chakula cha pamoja, ambapo kila mtu anakuja na sufuria yake na ni mwiko kukataa cha mwenzako. Kwenye mabenchi wamekaa magimbi, tende, na mkungu mzima wa ndizi na watoto wake. Mimbarini amesimama muwa, mrefu, amefunga tai.

"Wapendwa," anasema muwa, "mimi sina damu. Sijanyonya wala sijanyonyesha. Ni mmea tangu mizizi. Nani ataniita najisi?"

"Amina!" likajibu kanisa.

Nami nikaitikia kuwazidi wote, kwa sababu yale yalikuwa maneno yangu mwenyewe. Miezi mitatu mizima nimekuwa nikila kopo la nazi kila asubuhi, na ndani yake sukari ya kutosha birika la wageni, huku nikimwambia Mbonea kwamba kilichotoka kwenye mmea hakimdhuru mtu. Mbonea akasema, "Hata tumbaku ni mmea." Nikamnunia siku mbili.

Upawa wa kugawia chakula ukanijia na sahani.

"Kipimo cha mgonjwa wa sukari ni ngumi yake," ukasema. "Lete ngumi."

Nikaupa. Ukaipokea, ukaiweka kwenye sahani, ukaimwagia yogati ya nazi hadi ikafunikwa.

"Nitarudishiwa?" nikauliza.

"Ukimaliza kula."

Nikala kwa mkono uliobaki. Ilikuwa tamu, siwezi kusema uongo. Lakini kila nikichota, sahani inajaa, na ngumi yangu siioni.

Ndipo nilipomwona mama yangu. Amekaa benchi la nyuma, anakunywa mtindi wa ng'ombe kwenye kibuyu, kama alivyozoea. Pembeni yake, juu ya benchi, umewekwa mguu wake, umevalishwa kiatu cha kanisani na kiatu kimepigwa rangi.

"Shikamoo, mama. Hayo maziwa ndiyo yaliyokumaliza."

"Marahaba, mwanangu. Wewe huyanywi?"

"Tangu mwaka juzi sijayagusa."

"Na tumekutana hapahapa," akasema. Akauchukua ule mguu, akaupakata, akapapasa pale ulipokuwa. "Njoo ukae. Nimekushikia nafasi."

Sikukaa. Alikuwa na harufu yake ileile ya moshi wa kuni na sabuni ya mche, na nilitamani sana kumlalia begani. Miaka sita sijamwona. Lakini niliiogopa ile nafasi.

Nilipotaka kurudi nyuma, benchi lilikuwa limekuwa la kliniki, na mbele yangu limesimama kopo la nazi, limevaa koti jeupe, limeshika uzi mgumu.

"Fumba macho, mama. Nikikugusa unyayo, sema nasikia."

Kipimo hicho nakijua. Kila mwezi muuguzi hunigusa kwa uzi wa namna hiyo, na kila mwezi nafumba macho, nabahatisha, nasema "nasikia" pale ninapodhani amegusa. Ukweli ni kwamba tangu mvua za vuli sisikii kitu. Sijamwambia mtu. Naona aibu, na naona kama nikisema tu, watanipangia siku ya kukatwa.

"Nasikia," nikasema.

"Sijagusa bado, mama."

Nikangoja kidogo. "Sasa nasikia."

"Bado."

Mama akaweka kibuyu chini. "Mwanangu," akasema, "mficha maradhi, kifo humuumbua. Hata mimi nilikuwa nawaambia nasikia."

Kopo likajibandua kifuniko chake, kile chembamba cha bati, likakikunja hadi kikatoa ncha. Likapiga magoti. Nikaona kifuniko kinaingia unyayoni, taratibu, kinazama nusu. Nami nikasema kwa sauti ya mtu aliyefaulu mtihani, "Nasikia!"

Kopo likatikisa kichwa, likaandika kwenye faili. Mama akatoa kanga yake akaanza kupangusa ile nafasi.

Nikaamka. Kumekucha, jua liko dirishani. Mbonea amepiga magoti kando ya kitanda, amenishika mguu wa kulia.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Jana ulitembea peku?"

"Humu ndani tu."

Akainua kitu kidogo kwenye mwanga, amekibana kwa kucha mbili. Kipande cha kifuniko cha yogati, kimekunjika, kina picha ya nusu nazi. Amekitoa unyayoni mwangu. Damu iliyokishika ilikuwa nyeusi, imekwisha kukauka.

"Hiki si cha usiku," akasema. "Hiki ni cha jana mchana. Umepika nacho, umefua nacho, umepanda nacho kitandani. Nakundwa, ulikuwa husikii?"

Mdomo ulishajiandaa kwa neno lake la siku zote. Nikaubana.

"Ngoja nikuguse," akasema Mbonea. "Hapa je?"

Nikafumba macho kwa mazoea, nikangoja.

"Umeshagusa?" nikamuuliza.

Nilipofumbua macho niliona kidole chake kimenibonyeza unyayo hadi ukucha umekuwa mweupe, na yeye analia.

"Sisikii, Mbonea," nikasema. "Tangu vuli sisikii. Nitafutie viatu twende tukamwambie muuguzi."