Ngumi Kiooni

...kama ni ngumi kweli basi asimame, lakini kama ni mkono tu wa mzee, baba yake, umekwama hewani, kama ulivyokwama juzi mezani na kijiko juu mpaka uji ukapoa, atakuwa anasimama kwa ajili ya nini, na kaka yake anakuja jioni, na nusu nzima ya kichaka bado iko mbele yake inamcheka... lakini mikono ilikuwa imeshakata shauri bila kumwuliza, imeachia vishikio, imezima kinu, na katapila dogo limesimama linanguruma kwa sauti ya chini, imebaki ngoma ya kinu tu inayoendelea kuzunguka, maana dude lile halisimami ukiliambia, linasimama likitaka, ngoma nzito ya chuma iliyoota meno mwili mzima, inameza mti na kutema makapi, kinu ndilo jina walilolipa kule yadi ya matofali ambako yeye ni dereva, na bosi alipomwazima kwa Jumapili hii moja alisema, kirudi na meno yake yote, mama, na fundi akamwambia, hujawahi kukitumia, sasa sikiliza, usikishushe kwa pupa, anzia juu kwenye majani, teremka polepole kama unamnyoa mtoto, kikianza kulia rudi nyuma, usibishane nacho... na asubuhi alipokishusha mara ya kwanza alijisemea leo ndiyo leo, kisha kichaka cha kwanza kikaisha hivihivi, puu, kama hakikuwahi kuota, harufu ya majani mabichi ikajaa kibandani mwa katapila naye akacheka peke yake kama mwehu, kumbe ndivyo tu, miaka yote hii wanakiogopa kichaka, kumbe ndivyo tu... na sasa ngumi. Ipo kwenye kioo cha pembeni, kioo alichokifunga mwenyewe kwa waya, mzee amesimama kule mbali kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, koti lake la kazi limefungwa vifungo vikapishana, mkono wa kulia juu, vidole vimekunjwa, na nyuma yake wifi, mke wa kaka, aliyeletwa jana kukunja nguo za mzee na kuzitia kwenye begi, anapunga kitambaa cha vyombo na kupiga kelele zinazofika vipandevipande, ...amenichomoka huyu!... nilikuwa naepua chai tu... endelea wifi, endelea, anakusalimia!... anakusalimia, ehe, labda, mzee siku hizi anasalimia hata kabati, juzi alilipatia pole ya msiba, wote wakacheka mpaka machozi, kisha yeye akaenda zake msalani akalia yale mengine.

Endelea, basi, si ameambiwa endelea, kaka alisema chote, si nusu, ukikiondoa chote Baba atabaki, ukishindwa naondoka naye, na kaka si mtu mbaya, tatizo lake amechoka, wote wamechoka, tangu asubuhi ile walipomkuta mzee katikati ya miiba, amechuchumaa, shati limeraruka, anapapasa ardhi kwa viganja kama aliyedondosha sindano, na hiyo ilikuwa mara ya ngapi, kila mvua ikinyesha lazima atoroke aingie kichakani, kufuli limewekwa, kengele imefungwa mlangoni, wapi, maji hayazuiliwi kwa chekeche, ndipo kaka akasema, imetosha, mimi kwangu ghorofa ya nne, mlango mmoja, hatoki, na yeye akajibu, huko atakufa, kaka, huko hakuna hata udongo wa kukanyaga, na kaka akainamisha kichwa, akasema kwa upole, na heri angefoka, Baba hayupo tena, mdogo wangu, kilichobaki ni mwili wa kulinda... na neno lile halikumtoka, alikwenda nalo kazini, alikula nalo, ndilo lililompeleka kwa bosi kuomba kinu, kwamba akikiondoa kichaka ataweza kusimama jikoni akamwona mzee kupitia dirishani hadi ukuta wa mwisho, lakini tangu asubuhi huku akisaga na kusaga kuna swali lilikuwa limekaa naye kibandani, je, kama kaka amesema kweli, je, kama anapigania koti tu, koti lenye vifungo vilivyopishana na ndani hamna mtu... bado ngumi iko juu. Haitetemeki. Mkono wa kijiko ulitetemeka, huu hautetemeki, ona kiwiko kilivyonyooka, ona alivyopanua miguu, hivi ndivyo alivyomfundisha yeye, mtoto wa shule, likizo baada ya likizo, mzee alipokuwa dereva wa lile katapila kubwa la barabarani na yeye amesimamishwa juu ya kifusi awe macho yake, utingo wangu huyu, aliwaambia wenzake, msimwone mdogo, na ishara zenyewe zilikuwa chache, kiganja kikipepea njoo, viganja vikisukuma rudi, kidole juu inua, ngumi simama, na ngumi haijadiliwi, utingo, ukiiona usiulize kwa nini, simama kwanza, sababu itakukuta umesimama, na ukipewa ishara irudishe, aliyekupa ajue imefika... ...wifi! unangoja nini? mzee anacheza tu!... na ngoma mbele ilikuwa inapunguza, inapunguza, ikakohoa mara mbili ikanyamaza, na vumbi la makapi likaanza kutua, kwanza kwenye meno ya kinu, kisha kwenye mizizi, kisha kwenye kitu chekundu, kutu, bati, mabati mawili yaliyooza yamelaliana chini ya majani, na pale yalipoachana ukingo wa saruji umeviringa, na ndani ya ukingo hamna kitu, weusi tu, weusi unaoteremka.

Kisima. Mungu wangu, kisima, hatua moja tu mbele ya kinu, hata hatua moja haifiki, angekwenda mbele kidogo tu katapila lingepiga mwereka na kinu chake na bosi wake na meno yake yote, na yeye ndani ya kibanda kichwa chini... papo hapo akajikuta anamkumbuka marehemu mama, msiende kule nyuma, kule kuna zimwi, limekaa mdomo wazi, halitafuni, linameza, wakakua wanaogopa zimwi mpaka likawa jambo la kuchekwa, kumbe mama hakusema uongo, hakutaja jina tu, kisima cha zamani, cha kabla ya bomba, mzee alikifunika kwa mabati kabla wao hawajajua kutembea na kichaka kikamalizia kazi... mmefunika? Kumbe ndicho alichokuwa anauliza mzee! Kila wingu likitanda, kila mara mzee anaketi wima kitandani, mmefunika? nao wanafunika, wanafunika sufuria, wanafunika chupa ya chai, wanamfunika yeye miguu kwa blanketi, tumefunika, Baba, lala, naye anawatazama kama watu wasio na akili, na hawakuwa nazo kweli, bati linaoza, mvua inanyesha, ardhi inalainika, na mzee mmoja anaamka kwenda kupapasa gizani kama kifuniko kipo, asije mtoto wa mtu akatumbukia, na wao wanamfungia kufuli... hayupo, hayupo nani! Yupo! Yupo mzima, yupo mbali tu, amekaa huko ndani kwa ndani akishika zamu, na leo wenye akili timamu walikuwa wanasema endelea, aliyesema simama ni yeye peke yake. Akavuta pumzi mpaka chini kabisa, machozi yakashuka naye hakuyafuta, yalikuwa matamu, akacheka katikati yake, ehe zimwi, leo umelala na njaa... ...wifi, vipi, limeharibika?... halijaharibika, wifi, halijaharibika kitu, kaka aje tu, akikute kichaka nusu, hatamwomba wala hatamlilia, atamshika mkono amlete hapa, asimame naye kwenye ukingo huu, atupe kokoto asikilize inavyochelewa kufika, ndipo amwulize, enhe, kaka, ulisema nani hayupo? Na kesho mabati mapya, la, zege, zege kabisa, na mzee mwenyewe atapiga ngumi juu yake aone... Akakumbuka kwamba hajajibu. Akatoa mkono wake dirishani, akaukunja, akauinua juu kabisa ili uonekane toka kule mlangoni, imefika, Baba, imefika. Wifi akaacha kupunga kitambaa. Kiooni ngumi ya mzee haikushuka, alikuwa hajaridhika bado, alitaka kuona katapila halisogei, nalo halikusogea, na dereva akakaa na mkono wake juu akimngoja utingo wake.