Jenerali Aliyetokwa na Kirusi

Kabla ya maradhi, Babu Yaqdhan alipenda kunihadithia habari za Jenerali Vendelin. Alimkuta katika kitabu kikuukuu alipokuwa mafunzoni jeshini, akamshika kama jamaa yake.

"Babu yake Mjerumani," akisema, "lakini yeye kazaliwa Urusi. Kaingia jeshini hata ndevu hazijamwota. Kapigana milima ya Kaukazi, kapigwa risasi ya paja, kapanda farasi na jeraha lake."

"Muongo, Babu!"

"Nnakwambia! Kapanda cheo baada ya cheo, mpaka mfalme kamvisha nishani kwa mkono wake. Na bado wakubwa wa ikulu wakimwita yule Mjerumani."

Hapo alicheka, maana na yeye alizaliwa Unguja, akaja Maskati kijana, akalitumikia jeshi mpaka akastaafu na nyota begani, na bado wapo waliomwita yule Zinjibari.

Mwisho wa Jenerali hakuuhadithia kwa kicheko. Uzeeni Jenerali alipata kiharusi, Kirusi chote kikamtoka, kikabaki Kijerumani cha mama yake. Mwanawe, mtu mkubwa serikalini, akawaamuru watumishi: akija mgeni, semeni amelala. Msaidizi wa Jenerali wa vitani alikuja, akarudishwa. Akaja tena, akarudishwa. Jenerali akafa akimuulizia.

"Mtoto alimwonea haya baba yake," Babu alimalizia kila mara. "Vibaya hivyo, bibi."

Mwaka huu kiharusi kikamfika yeye. Kiarabu chote kikamtoka, kikabaki Kiswahili.

Kwetu Ansab, mtaa wa hapa Maskati, Kiswahili ni cha ndani ya nyumba. Mgeni akiingia sebuleni, sote tunageukia Kiarabu, hata paka. Baba yangu, Majid, ni mtu wa wizarani. Ami Sleiman wa Nizwa, aliyekuwa dereva wa Babu jeshini, alipokuja kumtazama mgonjwa, Baba aliniambia, "Hajar, mwambie amelala." Nikamwambia. Akaniachia tende mlangoni, akaenda zake. Akaja tena, na tena nikamwambia amelala. Na chumbani Babu akiuliza, "Sleiman yuko wapi? Nnamtaka Sleiman."

Mimi hata dukani namtuma mdogo wangu aulize bei. Lakini Ijumaa ile, kengele ilipolia na Baba hajarudi msikitini, nilikwenda kufungua nikiwa na sauti ya Babu masikioni.

"Amelala?" aliniuliza Ami Sleiman kwa Kiarabu, keshaninyoshea tende.

"Hapana, ami. Yu macho. Ila Kiarabu kimemtoka."

Alivua viatu. "Basi nitamtazama tu."

Babu alipomwona alijaribu kunyoosha mgongo, upande mmoja ukakataa.

"Vijana wamekula?" aliuliza.

Nikafasiri. Ami Sleiman, mzee mwenye magoti mabovu, akasimama wima kando ya kitanda.

"Wote wamekula, sidi," alijibu, kama askari kwa mkubwa wake.

"Na yeye?" Babu aliniuliza nilipomfasiria. "Huyu husema amekula, kumbe ana njaa. Namjua."

Nilipofasiri, Ami Sleiman alicheka, kisha akajifuta macho kwa ncha ya kilemba. Babu akautafuta mkono wake juu ya shuka, akaushika.

"Mbona umechelewa hivi? Nimekungoja mpaka nimechoka."

Ami Sleiman alinigeukia, akisubiri. Nikainama kuziweka tende chini.

"Anauliza mbona umechelewa."

Alikuwa Baba, amesimama mlangoni, msala bado begani. Alisema kwa Kiarabu. Kisha akaingia, akapiga magoti kando ya kitanda, akasema kwa Kiswahili, mbele ya mgeni:

"Mimi ndiye niliyemrudisha, Baba. Nisamehe."

Babu alimtazama kwa upole, kama anavyotazamwa askari mpya ambaye jina lake halijulikani bado.

"Si kitu, kijana," alisema. "Mpe Sleiman kahawa."